Wateja Tu Ndio Watakaoona

"Futa."

"Mama, nimeshakwambia siwezi."

"Huwezi au hutaki? Maana mikono naiona, yote miwili iko hapo."

Loveness alikuwa ameikumbatia kompyuta yake kifuani, mgongo ukutani. Benedikta alisimama katikati ya chumba, mkasi mkononi, tepu ya kupimia shingoni, vipande vya neti nyeupe vimemganda kwenye kanga. Hakuwa amekusudia kumtishia mtu na mkasi. Alikuwa anakata kitambaa simu ilipolia, na tangu wakati huo hajapata nafasi ya kuuweka chini.

"Mwalimu anasahihisha kesho asubuhi," Loveness alisema. "Kesho, mama. Akishamaliza nafuta kila kitu."

"Na leo?"

"Leo nani anaangalia?"

"Tanga nzima inaangalia! Bi Fakhria kanipigia analia. Mwanamke yule nimemshonea miaka, kafiwa na mume sikumsikia akilia. Leo kalia, kwa sababu yako."

Godlisten, baba wa nyumba hiyo, alikuwa mlangoni anavua viatu vya kazi. Alikuwa ametoka bandarini na njaa, akakuta jiko limezimwa.

"Mwache mtoto amalize masomo," alisema. "Usiku mmoja utamuua nani?"

"Wewe kunywa maji ulale," Benedikta alimjibu. "Hujui kinachoendelea."

Ni kweli, hakujua. Kilichokuwa kinaendelea ni hiki. Loveness alikuwa mwaka wa pili chuoni, akisomea ubunifu, na muhula huu walikuwa wanajifunza kutengeneza tovuti na kuzitathmini. Alilipenda somo hilo kuliko yote, na alikuwa na jicho. Akifungua ukurasa wa zahanati kwenye simu, alihesabu amebonyeza mara ngapi kabla hajaiona namba ya kupiga, kisha anasonya. Akipita mtaa wa Mabawa mzima, hakuna kibao cha duka alichokiacha salama. Hata kalenda ya kanisa iliyotundikwa pale ukutani aliikosoa: tarehe za kijivu juu ya karatasi ya kijivu, imetengenezwa na mtu asiye na bibi mwenye macho mabovu.

Kazi ya mwisho wa muhula ilikuwa kumtafuta mfanyabiashara wa kweli, kumtengenezea tovuti, kuwapa wanafunzi wenzako waipime, kisha kuiweka hewani na kumkabidhi mwalimu. Ukishakabidhi, huruhusiwi kuigusa. Mwalimu anaona tarehe na saa ya badiliko la mwisho, na atakayekutwa amegusa chochote analirudia somo mwakani, na asiyelifaulu haingii mwaka wa tatu. Kanuni hiyo ililetwa na wanafunzi wa mwaka uliotangulia, waliokuwa wakiibiana kazi baada ya muda kuisha.

Loveness alimchagua Bi Fakhria wa Chumbageni, mpambaji wa maharusi, mteja mkubwa wa mama yake.

Bi Fakhria alikuwa na utaratibu wake wa kazi. Hakuwa na duka wala kibao. Mama wa binti anayeolewa alikwenda nyumbani kwake, akakaribishwa ndani, akapewa kahawa na halua, kisha Bi Fakhria akamkabidhi simu yake: tazama. Humo mlikuwa na maharusi aliowapamba, vichwa wazi, asumini kwenye nywele, piko, ile hina nyeusi, mpaka kwenye viwiko. Picha zilitoka mkono wa mwanamke zikaingia mkono wa mwanamke, zikarudi. Kwenye harusi zenyewe simu za wageni hukusanywa kwenye kapu mlangoni, na inayoingia ukumbini ni ya Bi Fakhria peke yake, kwa kuwa anaaminika.

Loveness alipomwomba picha, alimtumia. Huyu ni mtoto wa kike, tena mtoto wa Mama Loveness. Ila aliuliza.

"Na watakaoona ni wateja wangu tu?"

"Wateja tu," Loveness alijibu, macho kwenye kompyuta, akitafuta rangi inayofanana na hina.

Kwa Bi Fakhria, mteja ni mwanamke anayepiga hodi. Kwa Loveness, mteja ni yeyote mwenye bando. Hakuna aliyedanganya, na hakuna aliyeuliza mara ya pili.

Picha iliyomvutia zaidi ilikuwa ya Nada, mtoto wa kaka yake Bi Fakhria, aliyeolewa majuzi tu. Loveness aliiweka juu kabisa, imejaa upana wote wa skrini, na chini yake akaandika kwa herufi nyembamba nzuri: Nada, bibi harusi wa Chumbageni. Wenzake darasani, wengi wao wavulana, waliipa alama zote. Picha halisi, zinavutia. Inafunguka haraka. Kwenye simu ndogo inasomeka. Mmoja aliandika, "Naomba namba ya bibi harusi, hahaha." Loveness alicheka. Hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa mtoto anayesifiwa.

Siku ya pili ya tovuti kuwa hewani Hashil, mume wa Nada, alikuwa dukani kwake anakouza rangi za nyumba. Kijana aliyekuja kununua kopo alimnyoshea simu juu ya kaunta. "Shehe, hongera. Tumemwona." Hashil alimuuzia rangi yake, akampa na chenji, akafunga duka. Nyumbani hakupiga wala hakutukana. Aliuliza nani aliyempiga mkewe picha na nani kazisambaza. Alipokwisha kujibiwa, alichukua shuka akaenda kulala kwa mama yake.

*

"Mpigie mwalimu," Benedikta aliamuru. "Weka sauti kubwa."

"Atakataa."

"Akatae nikisikia."

Mwalimu alipokea haraka, kwa sauti ya mtu aliyepigiwa simu kama hizo tangu asubuhi.

"Loveness. Mfumo umegoma au umeme umekatika?"

"Hapana, mwalimu. Kuna picha kwenye kazi yangu, mwenyewe hakutoa ruhusa. Naomba niitoe."

"Ulimwomba ruhusa nani?"

"Mwenye biashara."

"Mwenye biashara ndiye aliyepigwa picha?"

"Si yeye, mwalimu."

"Mwenzako ameniambia laptopu imeliwa na mchwa," mwalimu aliendelea, bila hasira. "Mwingine kafiwa na babu, yule yule wa mwaka jana. Nikikuruhusu wewe, nawajibu nini wao? Nasahihisha kesho saa nne. Ukigusa kabla ya hapo unarudia. Usipogusa, kazi yako nimeichungulia, ni nzuri sana. Uamuzi ni wako."

"Mwalimu, mimi ni mama yake," Benedikta aliingilia. "Huyo dada ndoa yake inayumba."

"Pole sana, mama. Kweli pole. Lakini mimi sikumtuma kuweka watu."

Simu ikakatika. Godlisten, aliyekuwa ameshapata kiporo cha wali na anakula amesimama, alitikisa kichwa.

"Umesikia. Mwaka mzima, Benedikta. Ada ya mwaka mzima, na kazi yangu pale bandarini mkataba wenyewe unasuasua. Nimehamisha mifuko ya watu mpaka mgongo umepinda ili huyu asome. Picha ni picha. Si amevaa nguo?"

"Kwako wewe amevaa nguo. Kwao yuko uchi."

"Sisi si wao."

"Neti hii ninayokata ni ya nani? Kiti ulichowekea sahani kimenunuliwa na hela ya harusi ya nani?" Aliuweka mkasi mezani hatimaye. "Loveness, vaa. Hiyo kompyuta njoo nayo."

"Tunakwenda wapi?"

"Kumwambia mwenyewe kwamba huwezi. Mimi sitakusemea."

*

Bajaji iliwashusha Chumbageni jua likiwa limeanza kupoa. Bi Fakhria alifungua mlango kabla ya hodi ya pili.

"Shikamoo, Bi Fakhria," Loveness alisema.

Mama yule alimtazama kwanza, kisha kompyuta, ndipo akajibu. "Marahaba." Siku zote huwa anaongeza mwanangu. "Piteni."

Kahawa haikuletwa. Walikaa kwenye makochi ambayo vitambaa vyake Benedikta alivishona mwenyewe, na kwa mara ya kwanza aliona mshono mmoja umekwenda upande. Nada alikuwa kwenye zulia karibu na dirisha, miguu ameikunja, mtandio umefunika mpaka kwenye nyusi ingawa ndani walikuwa wanawake tu. Piko la harusi lilikuwa linafifia mikononi mwake, limebaki rangi ya kutu.

"Mama Loveness," Bi Fakhria alianza, "ile neti ya harusi ya Jumamosi, umeshaikata?"

"Nimekata nusu."

"Nusu iliyobaki nirudishie. Nitamtafuta mtu."

"Sawa," Benedikta alisema. Alijibu haraka, kama anayeng'olewa jino na hataki kuonyesha.

"Si kwa ubaya. Lakini watu watasema nini? Sitara ya watoto wao iko mikononi mwangu. Mimi nimeingia nyumba za watu kwa kuaminika, si kwa uzuri wa kazi. Wapambaji wazuri wako wengi, tena wa bei rahisi. Nilikuuliza, mtoto wewe, au sikukuuliza? Nilisema watakaoona ni wateja wangu tu?"

"Uliuliza, Bi Fakhria."

"Ukanijibuje?"

"Wateja tu."

"Haya. Yule aliyekwenda kununua rangi kwa Hashil ni mteja wangu? Naye anaolewa?"

Simu ya Bi Fakhria ililia. Aliitazama, akataka kuikata, akaona namba ngeni, akapokea. Sauti ikabadilika pale pale.

"Naam, ndiye mimi... Wa-aleikum salaam... Kutoka Mwera? Mwera ya Pangani?... Umeiona wapi?... Aaa." Akageuza uso kutoka kwa Nada. "Naam, nafika mpaka huko, nafika. Na piko pia. Nitakupigia, mwanangu, sasa hivi nina wageni."

Aliiweka simu kifudifudi. Alikuwa amepata wateja watatu kwa siku hizo mbili, kutoka sehemu ambazo jina lake halikuwahi kufika, na kila mmoja alianza kwa kusema ameona kwenye simu.

"Hiyo tovuti yenyewe," Bi Fakhria alisema polepole, "haiwezi kubaki bila sura yake? Ukaweka ua pale. Au ukafunika na kitu."

"Nikigusa chochote leo, hata nukta, narudia somo mwakani," Loveness alisema. "Mwalimu anasahihisha kesho saa nne. Nikingoja saa nne ipite, natoa sura zote, naweka maua, naweka mikono yenye piko tu. Biashara yako inabaki."

"Kesho saa nne."

"Saa nne tu."

Bi Fakhria alizisugua pete zake. "Nada, mwanangu. Imeshakaa tangu Jumanne. Walioona wameshaona. Usiku mmoja... halafu inatoka, na huyu hapotezi mwaka wake. Na Hashil nitakwenda kuzungumza naye mwenyewe, kosa nitalibeba mimi."

Benedikta alikuwa amekuja na mdomo umenolewa. Njia nzima alipanga maneno. Sasa alipiga hesabu: mwenye biashara ametoa ruhusa, mtoto atafaulu, na pengine neti haitarudi tena. Alijiona anavyofikiri hivyo na hakujipenda, lakini hakufungua mdomo. Alitazama ule mshono uliokwenda upande.

"Mimi sijaiona," Nada alisema.

Wote wakageuka.

"Watu wote wameiona. Shangazi ameiona, mama mkwe ameiona, mnunuzi wa rangi ameiona. Mimi sijaiona. Naomba nione."

Loveness alishuka kwenye kochi, akakaa naye zuliani, akafungua kompyuta. Tovuti ikafunguka mara moja, bila kusita. Alikuwa amepunguza uzito wa picha kwa siku nzima ili ifunguke hivyo.

Nada alijitazama. Ni picha ya dakika ile Bi Fakhria alipomaliza kumtia wanja, akamwambia inua uso, akainua akicheka kidogo, nywele zote zimemwagika begani. Alisogeza ukurasa chini, akapita bei, akapita mahali pa kuweka miadi, akarudi juu. Loveness alimfuatilia kidole kwa mazoea, kama alivyofundishwa kumtazama mtumiaji: anaanzia wapi, anakwama wapi. Kidole kilikwama kwenye jina.

"Kazi nzuri," Nada alisema. "Wallahi, nzuri. Nimependeza." Hakuwa anakejeli. "Hivi nikiandika jina langu kwenye simu, nikatafuta, natokea?"

"Ukiandika na Chumbageni, ndiyo."

Nada akachukua simu yake, akaandika, akangoja. Akaigeuza waone. Alikuwa wa kwanza kwenye orodha.

"Kwa nini natokea juu ya wote?"

"Niliitengeneza hivyo," Loveness alisema. "Kuna namna ya kuandika... ili itokee juu. Tunapewa alama."

"Aa."

"Nikifuta, baada ya siku chache haitatokea tena."

"Hashil hanigombezi kwa picha," Nada alisema. Alikuwa anamwambia Loveness peke yake, kana kwamba wale mama wawili wametoka. "Ungedhani atapiga kelele. Ananiuliza tu, nani mwingine. Namwambia, wanafunzi wa darasa la yule binti. Anasema, na nani mwingine. Namwambia, rafiki zao. Na nani mwingine? Hapo sina jina la kumpa. Anakaa, ananitazama, anachukua shuka." Akaielekeza simu kwenye skrini. "Wewe umeitengeneza. Nani mwingine?"

Loveness alijua namba ya rangi ile ya hina kwa kichwa. Alijua ukubwa wa kila herufi na upana wa kila nafasi.

"Sijui," alisema.

"Basi na usiku wa leo pia hutajua."

Nje mtu alipita akiburuta mkokoteni, tairi moja linalia. Bi Fakhria alikuwa anafungua mdomo aseme tena jambo la maua. Loveness alitoa simu mfukoni.

"Unampigia nani?" Benedikta aliuliza.

"Mwalimu. Namwandikia, simpigii. Nikimpigia atanishawishi."

Aliandika bila kufuta neno, jambo lisilo la kawaida kwake, kisha akasoma kwa sauti ili asipate pa kurudi nyuma: "Mwalimu, naifuta kazi yangu sasa. Picha ni ya mtu, na mtu mwenyewe amekataa. Nitarudia mwakani." Akatuma. Kisha akafungua kundi la darasa, akabonyeza kurekodi sauti, akasogeza simu mdomoni. "Jamani, ni Loveness. Yeyote aliyehifadhi picha kwenye kazi yangu, azifute. Aliyemtumia mwenzake, amwambie naye afute, na aniambie ni nani. Nataka majina. Sitanii."

"Loveness, mwaka mzima," mama yake alisema. Hakusema kwa kumzuia. Alikuwa kama anayesoma bei ili ahakikishe ameiona vizuri.

"Najua, mama. Baba nitamwambia mwenyewe."

"Baba niachie mimi. Endelea."

"Na yule wa Mwera?" Bi Fakhria aliuliza kwa sauti ndogo. "Na wale wawili wengine?"

"Waje kunywa kahawa kama walivyokuja wenzao," Benedikta alimjibu. "Bajaji si zipo?"

Ukaja ukurasa wa kufutia, ukauliza kama ana hakika. Haukuridhika na kitufe. Ulitaka aandike jina zima la tovuti kwa mkono wake, herufi kwa herufi, ndipo uamini. Loveness aliliandika. Alikosea, ikabidi aanze upya. Mara ya pili alikwenda taratibu, Nada akizitazama herufi moja moja zikipangwa. Kisha akabonyeza.

"Tayari," alisema.

Nada alitazama simu yake. "Bado naonekana."

"Hiyo ni ya zamani, simu imeihifadhi. Vuta chini."

Nada aliweka kidole gumba juu ya uso wake mwenyewe, akavuta chini. Duara dogo likazunguka, likazunguka. Picha ikaondoka. Ukabaki weupe na mstari mmoja wa maandishi ya Kizungu.

"Inasemaje?" Bi Fakhria aliuliza, ameinuka nusu kwenye kochi.

"Inasema hakuna kitu hapa," Loveness alisema.

Nada aliutazama ule weupe kwa muda. Kisha akaupiga picha, akamtumia Hashil, bila kuandika neno.